UZI: Brian May wa Queen, kuanzia gita la mbao za meko hadi udaktari wa vumbi la angani

Nyuzi_Sita

Wakuu, salaam. Queen wakitajwa huku kwetu, mazungumzo yote huishia kwa Freddie Mercury. Ni haki yake, mtoto wa Mji Mkongwe yule. Uzi huu ni wa yule mrefu mwenye nywele za mawimbi, Brian May. Wapiga gita wengi hununua kila kifaa chake, wakaunganisha, na sauti isitoke. Tuichambue hapa.

Wasifu kwa ufupi. Kazaliwa tarehe 19 Julai 1947 Hampton, magharibi mwa London, mtoto pekee wa Harold na Ruth. Mzee Harold alikuwa mchoraji wa mitambo ya elektroniki katika Wizara ya Usafiri wa Anga. Hilo liwekeni akilini, tutalirudia. Shuleni Brian akaanzisha bendi iitwayo 1984 pamoja na Tim Staffell. Akasoma fizikia Imperial College, akapata shahada 1968. Mwaka huohuo ikazaliwa Smile, yeye, Staffell na Roger Taylor kwenye ngoma. Staffell akaondoka 1970, Freddie akaingia, jina likawa Queen. John Deacon akaja na besi 1971. Albamu ya kwanza 1973.

Sasa huo uwezo wake wa kushika kila kitu. Gita ndilo jina lake, lakini amepiga piano kwenye "Save Me", kinubi kwenye "Love of My Life", na ukulele kwenye "Good Company". Ameimba mbele kwenye "'39", ametunga "We Will Rock You", "Tie Your Mother Down", "Hammer to Fall" na "Who Wants to Live Forever". Albamu za Queen za miaka ya 70 ziliandikwa wazi kwamba hakuna sinthesaiza iliyotumika, kwa sababu wasikilizaji walidhani zile tarumbeta na filimbi ni za mashine. Zilikuwa gita.

Hoja yangu ni hii: huyu mtu hajazi sauti kubwa kwa mkupuo. Anatengeneza sauti ndogondogo, kila moja peke yake, safi, halafu anazipanga. Ukikosa kulielewa hilo, vifaa vyote havitakusaidia. Karibuni.

FundiMwaloni

Nianze na gita lenyewe, maana kuna uongo mwingi unaozunguka. Si kweli kwamba gita zima limetoka kwenye meko. Ni shingo tu. Baba na mwana walianza kulijenga Agosti 1963, Brian ana miaka 16, likawachukua kama miaka miwili. Gharama inayotajwa siku zote ni pauni 8. Jina lake Red Special.

Shingo ni mahogani kutoka fremu ya meko ya zamani ya kuotea moto. Mbao ilikuwa imeshaliwa na bungua. Matundu yakazibwa kwa vijiti vya kiberiti. Kiini cha mwili ni mwaloni kutoka meza kuukuu, pembeni blokbodi, juu na chini vinia ya mahogani. Ndani kuna vyumba vitupu, kwa hiyo si gita la mbao tupu kama wengi wanavyodhani. Hapa ndipo mafundi wa kuiga wanapoanza kukosea: wanakata kipande kizima cha mbao nzito, halafu wanashangaa gita haliitikii spika. Uwazi ule unasaidia nyuzi kuendelea kulia mpiga akisimama karibu na ampu (kikuza sauti cha gita).

Ubao wa vidole ni mwaloni uliopakwa nyeusi. Freti (vile vipande vya chuma vinavyoigawa shingo) ni 24, urefu wa uzi kutoka freti sifuri, ya mwanzo kabisa wa shingo, hadi darajani ni inchi 24, yaani sm 61 hivi. Fender ya kawaida ina inchi 25.5. Uzi mfupi hulegea zaidi kwa noti ileile, ndiyo maana jamaa anauvuta kama mpira. Alama za freti ni vifungo vya lulu vya kasha la kushonea la mama yake, vikapigwa tupa kwa mkono: viwili freti ya 7 na 19, vitatu freti ya 12 na 24.

Daraja la kutikisa, lile la kupandisha na kushusha noti kwa mkono wa chuma, ndilo kazi ya akili hasa. Chuma kigumu kimenolewa ukingo kama wa kisu, bamba lote linapumzikia hapo na kubembea. Mvuto wa nyuzi unasawazishwa na springi mbili za valvu za pikipiki, Panther ya 1928. Mkono ni chuma cha kushikilia mkoba nyuma ya tandiko la baiskeli, na kile kipande cha plastiki nchani ni cha sindano ya kufumia ya mama.

Gita la kawaida ukitikisa mkono linatoka kwenye tyuni kwa sababu uzi unakwama mahali na haurudi pale ulipokuwa. Wao wakaua msuguano kila kituo. Darajani kila uzi unapita juu ya kigurudumu chake kidogo. Upande wa kichwa kuna freti sifuri, na nyuzi zinakwenda karibu moja kwa moja hadi kwenye vigingi bila kupinda kona. Ukitaka kuboresha gita lako bila kununua jingine, anza hapo: angalia uzi wa G unavyopita kwenye nati (kile kipande chenye mifereji mwisho wa shingo). Ukisikia "tik" unapozungusha kigingi, umekwama. Safisha mfereji kwa tupa nyembamba kulingana na unene wa uzi, kisha sugua risasi ya penseli.

Kinyozi_wa_Sauti

Mkuu FundiMwaloni umeshusha nondo. Vipi kuhusu pikapu, vile vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi? Nasikia nazo walitengeneza wenyewe.

FundiMwaloni

Za kwanza ndiyo, walisuka koili juu ya sumaku ndogo za Eclipse. Sauti ilikuwa nzuri mpaka uzi uvutwe pembeni. Ncha za sumaku zilikaa kaskazini na kusini zikipokezana, hivyo uzi ukivuka kutoka ncha moja kwenda nyingine unatoa mkwaruzo wa ajabu katikati ya noti. Kwa mtu anayevuta nyuzi kila baada ya sekunde mbili, haifai. Akanunua Burns Tri-Sonic tatu, akazijaza gundi ya Araldite ili koili zisitetemeke ndani. Pikapu yenye koili iliyolegea hugeuka maikrofoni; ukipandisha ampu inapiga yowe ambalo hata kunyamazisha nyuzi kwa kiganja hakulizuii.

Namwachia Solda60 upande wa nyaya.

Solda60

Nimeitika. Hapa ndipo penye siri kubwa kuliko mbao, samahani FundiMwaloni.

Kwenye Stratocaster, gita maarufu la Fender, pikapu mbili zikiwashwa pamoja zimeungwa sambamba. Kwenye Red Special zimeungwa mfululizo: mkondo unapita pikapu ya kwanza, unaingia ya pili, unaingia ya tatu. Voltiji zinajumlishana, sauti inapanda, na uzito wa katikati unaongezeka huku makali ya juu kabisa yakipungua. Kila pikapu ina swichi mbili, moja ya kuwasha na kuzima, moja ya kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti). Jumla swichi sita, kitasa kimoja cha sauti, kimoja cha toni.

Hesabu ya sauti zinazopatikana: pikapu moja moja ni 3, kwa sababu ikiwa peke yake kugeuza fezi hakubadilishi kitu. Mbili mbili ni jozi 3 mara fezi 2, zinakuwa 6. Zote tatu zinatoa 4. Jumla 13 tofauti kweli kweli. Atakayekwambia zaidi ya hizo anahesabu nafasi za swichi badala ya sauti.

Fezi kinyume inafanya nini? Noti ya msingi inafika kwenye pikapu zote mbili karibu sawa, basi zikipingana inafutika. Kinachobaki ni zile sauti za juu ambazo kila pikapu inazisikia tofauti kutokana na mahali ilipo. Ndipo unapata ule mlio mwembamba wa pua, wenye kulia kama kinanda cha mdomoni. Unapoteza nguvu nyingi, kwa hiyo ampu lazima iwe tayari inachemka, yaani imepandishwa mpaka sauti inavunjika. Mtu akijaribu kwenye ampu safi atadhani ameharibu waya.

Ukitaka kuigeuza gita yako ya pikapu tatu: fungua kibao, fuatilia nyaya mbili za kila koili. Kama waya wa ardhi wa pikapu umelehemiwa kwenye kifuniko chake cha chuma, utenganishe kwanza, la sivyo ukigeuza fezi kifuniko chote kinakuwa na mkondo wa sauti na kitavuma ukikigusa. Tumia swichi za njia mbili za pini sita, aina ya kuteleza. Swichi ya kuzima ifanye kazi ya kuruka pikapu: inaunganisha kiingilio na kitokeo ili mkondo upite bila kuingia kwenye koili. Ukiikata tu kama taa ya chumbani, mnyororo mzima unakatika na gita linakuwa bubu.

MwanaShangani

Hodi jamvini. Kabla hamjazama kwenye solda zote, niongeze kidogo cha kwetu. Farrokh Bulsara, ndiye Freddie, kazaliwa Unguja 5 Septemba 1946, na familia yake ilihamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Wakafikia Feltham. Brian naye kakulia Feltham hiyohiyo, nyumba zao umbali wa kutembea kwa miguu, na hawakujuana kabisa! Walikutanishwa kwa njia ya Staffell, aliyesoma chuo cha sanaa cha Ealing pamoja na Freddie.

Na hilo lina athari kwenye upigaji. Freddie alitunga akiwa kwenye piano, na vidole vya mpiga piano vinapenda funguo nyeusi. "Bohemian Rhapsody" inakaa kwenye B-flati na E-flati. Mpiga gita akisikia E-flati anaguna, kwani katika nyuzi sita zilizo wazi ni D na G tu zilizomo kwenye skeli hiyo. E mbili, A na B zote ziko nje. Huwezi kujificha kwenye kodi za wazi kama wafanyavyo wapiga roki wengi, kila noti lazima uibonyeze. Sehemu ya utamu wa solo zake imetoka kwenye shida hiyo.

Nyuzi_Sita

Ahsante dada MwanaShangani, hilo la funguo wengi hulipita.

Tuje kwenye mnyororo baada ya gita. Kuna vitu vitatu: sarafu, busta (kijisanduku cha kuongeza nguvu ya mlio kabla ya ampu), ampu.

Sarafu, anayopigia nyuzi badala ya plektramu, ni peni sita ya Kiingereza ya zamani, upana mm 19 na kidogo, aloi ya shaba na nikeli. Haipindi kabisa. Kwa hiyo ulaini wote unatoka kwenye vidole vinavyoishika, na mpiga anaamua kwa kukaza au kulegeza. Ukingo wake una meno. Ukiishika sambamba na uzi unapata noti safi, ukiiinamisha meno yanakwaruza uzi na kutoa ule mtemo wa "krr" mwanzoni mwa noti. Sarafu hizo ziliondolewa kwenye mzunguko 1980, na 1993 kiwanda cha sarafu cha Uingereza kilimtengenezea maalumu kwa ziara yake. Kwa majaribio tumia sarafu yoyote nyembamba yenye ukingo wa meno, isiwe ya chuma kigumu kinachoshika sumaku, hiyo itakula nyuzi kwa wiki moja. Nyuzi zake ni nyembamba, kwa elfu za inchi: 9, 11, 16, 24, 32, 42.

Ampu ni Vox AC30. Anatumia chaneli ya kawaida, kitasa cha sauti mwisho kabisa, na sauti anaipunguza gitani. Gita likiwa 10 noti inalia bila kukoma, likiwa 3 inakuwa safi kama maji ya mtungini.

Wazo hilo la busta na AC30 alilipata kwa Rory Gallagher wa Ireland, alipomwendea baada ya onyesho klabu ya Marquee na kumuuliza anapataje sauti ile. Gallagher alimjibu bila choyo: AC30 na kijisanduku cha Rangemaster. Solda60, endelea na hicho kijisanduku.

Solda60

Rangemaster ya Dallas ni kifaa cha transista moja tu, OC44 ya jemaniamu. Vipande ni hivi: kapasita ya kuingilia nanofaradi 5 (4.7 inatosha), rezista kiloomu 470 na 68 za kuipa transista msimamo, kiloomu 3.9 kwenye emita ikiwa na kapasita mikrofaradi 47 sambamba, kitasa cha kiloomu 10 kwenye kolekta, na kapasita ya kutokea nanofaradi 10. Betri volti 9. Basi.

Kapasita ile ndogo ya kuingilia ndiyo roho yake. Inazuia besi isipite. Besi nyingi ikiingia kwenye ampu inayochemka, valvu zake (zile taa za kioo za kukuza sauti) zinashiba besi na sauti inakuwa uji. Ukiikata kabla, ampu inachemka kwenye sauti za kati na za juu, na kila noti inabaki na ukingo wake.

Yanayoharibika:

Joto kwanza. Jemaniamu huvuja mkondo, na uvujaji unakaribia kuongezeka mara mbili kwa kila nyuzi joto 10. Saketi iliyopangwa kwenye chumba cha nyuzi 18 ukiileta Dar yenye 32, msimamo unahama na sauti inabanwa. Weka mita kati ya kolekta na ardhi; unatafuta volti 7 hivi, hasi. Badala ya rezista ya 68 weka ya kurekebishwa ya kiloomu 100, uisogeze taratibu mpaka ufike. Uipime tena kifaa kikishakaa dakika 20 mahali utakapopigia. Na usiishike transista kwa vidole wakati wa kupima, utasoma joto la mkono wako.

Pili, OC44 ni PNP, kwa hiyo ardhi ni upande chanya wa betri. Ukiichomeka kwenye adapta moja na pedali zako nyingine ambazo ardhi yake ni hasi, umeziunganisha chanya na hasi. Adapta itazimika ukiwa na bahati. Itumie na betri yake yenyewe.

Tatu, ikae ya kwanza baada ya gita. Inategemea kuziona koili za pikapu moja kwa moja. Ukitanguliza pedali yenye bafa (saketi inayolitenga gita na kinachofuata), sauti inakuwa kali kama bati linalokwaruzwa. Wasiopata jemaniamu nzuri wajenge ya silikoni, haitishwi sana na joto.

Na AC30 msiifungue kwa pupa. Ndani kuna zaidi ya volti 300, na kapasita zinabaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Zitoe chaji kwa rezista ya wati kadhaa, upime kwa mita mpaka usome karibu sifuri, ndipo uguse.

Kinyozi_wa_Sauti

Nimekaa mkao wa kula. Swali langu: zile sauti tatu za gita zinazopanda pamoja, kwa nini pedali ya kuongeza sauti za pili na tatu haitoi kitu kile? Noti si ni zilezile?

Nyuzi_Sita

Hapo sasa ndipo penye hoja ya uzi. Mambo mawili.

La kwanza ni skeli. Pedali ya bei nafuu ukiiambia "tatu juu" inaongeza nusu toni nne kwa kila noti. Ukipiga do inatoa mi, sawa. Ukipiga re inatoa fa kali, ambayo haimo kwenye skeli. Sauti ya pili ya kweli inafuata skeli: do-re-mi juu yake ni mi-fa-so, na chini yake la-ti-do. Umbali unabadilika, mara nusu toni nne, mara tatu.

La pili ni ampu inayochemka. Noti mbili zikiingia pamoja kwenye ampu iliyochemka, ampu inazalisha noti za ziada, yaani tofauti na jumla ya zile mbili. Chukua A ya hezi 440 na C kali juu yake, hezi 554. Tofauti ni 114. A ya chini kabisa inayotakiwa ni 110. Hiyo 114 iko juu kwa karibu theluthi mbili ya nusu toni, yaani ni noti ya uongo inayonguruma chini ya kodi yako. Kwa noti tatu uchafu unazidi.

May kila sauti anairekodi peke yake kupitia ampu, kwenye treki yake. Zikikutana zimeshachemka tayari, na mikseri inajumlisha tu. Hakuna noti za uongo.

Utaratibu wa kufanya nyumbani: rekodi wimbo mkuu na uukariri mpaka mivuto na mitetemo yake uijue. Rekodi ya juu bila kusikiliza nyingine isipokuwa ile kuu. Rekodi ya chini vivyo hivyo. Kuu iweke katikati, mbili nyingine kushoto na kulia. Kisha angalia noti zinapoisha. Hapo ndipo kazi huharibika: mmoja akikata mapema na mwingine akiburuza, msikilizaji anasikia watu watatu wanaogombana. Waliozoea bendi zetu za dansi wanajua solo na sekondi solo wanavyopishana na kupokezana. Sikilizeni solo ya "Killer Queen" ya 1974 kwa sikio hilohilo, sauti zinaingia moja moja kama kengele, kila moja inaachiwa nafasi.

MwanaShangani

Na kile kinubi cha "Love of My Life" nacho kwa mtindo huohuo. Hakuwa mpiga kinubi. Alikuwa akitafuta kodi moja, anaityuni, anairekodi, anakwenda nyingine, kisha zinaunganishwa. Mtu akifungua mlango hewa ikabadilika, nyuzi zinahama na inabidi kuanza upya kutyuni. Wapiga kanuni wa taarabu wataielewa adha hiyo bila kuelezwa.

Solda60

"Good Company" ya 1975 ni darasa zima. Bendi nzima ya jazi ya zamani, klarineti, tarumbeta na tromboni, zote ni Red Special. Ampu iliyotumika si AC30, ni kijisanduku alichotengeneza John Deacon mwanzoni mwa miaka ya 70, maarufu kama Deacy. Deacon aliokota bodi ya saketi kwenye pipa la taka za ujenzi London, akaifunga ndani ya boksi la spika la rafuni. Baadaye ikatambuliwa kuwa ni ya redio ya mkononi ya Supersonic PR80, chapa ya kusini mwa Afrika. Transista za jemaniamu, betri ya volti 9 aina ya PP9, haina kitasa hata kimoja. Nguvu yake haifiki wati moja. Redio ya babu kijijini, kwa ufupi.

Kwa nini inafaa? Spika ndogo na transfoma ndogo zinakata juu na chini, inabaki sauti ya katikati iliyokandamizwa. Hiyo ndiyo sura ya ala ya kupuliza. Halafu anaongeza pedali ya sauti mguuni kuficha mgongano wa sarafu na uzi, maana tarumbeta haina "tik" mwanzoni, inavimba. Kila ala anaipigia tabia yake: tromboni inateleza, kwa hiyo mkono wa kutikisa unatumika kuingia kwenye noti kutoka chini, klarineti inaruka haraka na haivutwi.

Ukiwa na redio ya zamani ya transista nyumbani yenye tundu la kuingizia sauti, umeshafika nusu ya njia. Weka busta mbele yake na maikrofoni sm 10 kutoka kwenye spika. Spika ikianza kupasuka punguza busta, usipunguze gita.

Kinyozi_wa_Sauti

Na ile solo ndefu ya jukwaani, anayojibizana na mwangwi wake mwenyewe?

Nyuzi_Sita

Ile imetokana na "Brighton Rock" ya 1974. Alitumia mashine za mwangwi za kanda, Echoplex, akarefusha reli ya kichwa ili mwangwi uchelewe zaidi. Mashine mbili, ya pili ikichelewa mara mbili ya kwanza. Anapiga kifungu, kinarudi upande mmoja, anapiga juu yake kifungu kinacholingana, hicho nacho kinarudi, na cha kwanza kinatokea upande wa pili. Mtu mmoja, sauti tatu.

Kwa pedali za leo: ya kwanza milisekunde 800, ya pili 1600, marudio moja tu, sauti ya mwangwi ilingane na ya gita. Milisekunde 800 ni mapigo 75 kwa dakika, basi fanya mazoezi na metronomu kwenye 75. Kila mwangwi uende kwenye ampu yake. Ukiirudisha yote kwenye ampu moja unakutana na ile hezi 114.

Falaki_tu

Naingia kwa upande wa sayansi, kwa sababu watu huandika "ana PhD" kama pambo.

Alianza utafiti Imperial 1970. Mada ni vumbi lililotapakaa katika mfumo wa jua, linaloonekana kama mwanga hafifu magharibi baada ya machweo. Swali: lile vumbi linakwenda upande gani na kwa kasi gani? Alipima kwenye kituo cha Izaña, Tenerife, mlimani, kwa kuangalia mstari mmoja wa magnesi katika mwanga wa jua unaorudishwa na vumbi. Vumbi likikujia mstari unasogea upande wa buluu, likikukimbia unasogea upande wa nyekundu. Makala mbili zilitoka, ya kwanza kwenye jarida la Nature 1972. Mwaka 1974 Queen ikamzidi, akaiacha tasnifu. Akairudia 2006 na kuimaliza 2007. Iliwezekana kwa sababu katika miaka yote ile uwanja huo haukuwa umekimbiliwa na wengi. Angechagua mada ya moto, kazi yake ingekuwa imepitwa mara kumi. Baada ya hapo amekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores 2008 hadi 2013, na amesaidia kutengeneza picha za macho mawili za asteroidi Bennu.

Fizikia hiyo imeingia hadi studio. "We Will Rock You" ya 1977, ule mshindo wa miguu, ulirekodiwa studio ya Wessex, jengo lililokuwa ukumbi wa kanisa, watu wakikanyaga mbao za zamani walizozikuta humo. Kisha mshindo ukanakiliwa na kucheleweshwa ili uonekane umati, na ucheleweshaji aliupanga kwa uwiano wa namba tasa.

Kinyozi_wa_Sauti

Namba tasa tena? Falaki_tu fafanua, hapo umeniacha kituoni.

Falaki_tu

Ukichelewesha nakala kwa hatua sawa, tuseme milisekunde 10, 20, 30, 40, mapigo yanajipanga kila baada ya sekunde 0.01. Sikio linaisoma hiyo kama noti ya hezi 100, na mshindo unalia kama bomba la chuma. Ukitumia 7, 11, 13, 23, hakuna hatua inayojirudia, hivyo hakuna noti wala mwangwi. Sikio linasikia watu waliosimama umbali tofauti. Sauti inasafiri mita moja kwa karibu milisekunde 3, kwa hiyo 7 hadi 23 ni kama watu walioko mita 2 hadi 8. Kila nakala ishushe kidogo kadiri inavyochelewa, na ukate makali ya juu.

Hakuna ngoma wala besi mle. Gita lenyewe linaingia mwishoni.

MwanaShangani

Tarehe muhimu kwa atakayeusoma uzi baadaye: tamasha la Live Aid, Wembley, 13 Julai 1985. Freddie kafariki 24 Novemba 1991, onyesho la kumuenzi likawa Wembley 20 Aprili 1992. Juni 2002 Brian kapiga wimbo wa taifa akiwa juu ya paa la kasri la Buckingham. Mei 2020 moyo ulimsumbua akawekewa stenti tatu (vijibomba vya kupanua mishipa). Mwaka 2023 kapewa cheo cha "Sir". Mwaka 2024 kapata kiharusi kidogo kilichougusa mkono wa kushoto, ule wa kubonyeza freti, na akatangaza kwamba bado anaweza kupiga.

Kinyozi_wa_Sauti

Shukrani wakuu. La mwisho: mfuko mdogo, nianze na kipi?

Solda60

Sarafu, haigharimu kitu. Halafu busta, vipande vyake havizidi kumi na betri. Ampu yoyote ndogo ya valvu ya wati 5 uipandishe mpaka mwisho, ni bora kuliko kubwa iliyowekwa kwenye mbili. Gita badilisha nyaya ziwe mfululizo kabla ya kufikiria kununua jingine.

Kwenye busta tumia jeki ya kuingilia ya pini tatu, ile ya stereo, upande mmoja wa betri upite hapo. Ukichomoa waya wa gita betri inakatika. Ukisahau kuuchomoa, asubuhi utaikuta imekufa.